Ukurasa wa Jiwe

Nisianze kwa kujipamba. Mimi ni mtu wa hasira, na mdomo wangu hauna breki. Mume wangu husema nikirudi kazini nimenuna hata kuku wanajua, wanahama mlangoni kabla sijafika. Nayasema haya mapema ili asiwepo wa kufikiri kwamba yaliyonipata kwenye mtihani wa ufundi nilifanyiwa na mtu. Nilijifanyia mwenyewe, kwa mikono hii hii, mchana kweupe.

Kazi yangu ni kujenga, na nikisema kujenga nasema jiwe. Kwetu Mbugangari, mtaa wa Gisenyi upande wa Rwanda, na zaidi ng'ambo ya mpaka kule Goma, ardhi yenyewe ni jiwe jeusi lililotoka mlimani likiwa moto, likapoa popote lilipofika. Tunalivunja, tunalichonga, tunalipanga, tunakaa ndani yake. Lina matundu madogo madogo kama mkate, na ukilipiga nyundo pasipo akili linakuchana vidole. Nilikutana nalo nikiwa na miaka kumi na saba, wakati familia yetu ingali Goma, nilipoanza kazi ya uyedi. Muyedi ni yule anayemhudumia fundi: anapepeta mchanga, anachanganya simenti, anabeba mawe, na zaidi ya yote anabeba maji.

Hapo kwenye maji nitasimama kidogo, maana ndipo habari yangu yote ilipoanzia. Goma imekaa kando ya ziwa na maji hamna. Mtu wa mbali hawezi kuelewa hilo. Ziwa unaliona, unalinusa, na bomba la mtaa wako limekauka wiki nzima. Kwa hiyo nilikuwa nateremka na bido, dumu la manjano la lita ishirini, nainama, najaza, napanda nayo kichwani juu ya mawe makali nimevaa kandambili, mara nane, mara kumi kwa siku. Fundi wangu wa kwanza alikuwa mwanamume wa maneno machache. Siku moja niliteleza karibu kabisa na ukuta, bido ikapasuka, maji yote yakazama katikati ya mawe. Hakunipiga wala hakunitukana. Alinipa bido nyingine tu, akageukia ukuta wake. Tangu siku hiyo maji kwangu yakawa ya simenti peke yake. Si ya kunawa mikono, si ya kuosha mwiko kila dakika, si ya kumwagia kitu. Na jiwe letu, kwa bahati, halidai maji. Unalipangusa vumbi, unalilaza juu ya simenti, linakamata. Shingo yangu hadi leo nikiigeuza kushoto inalia.

Nilitoka kwenye uyedi bila ruhusa ya mtu. Fundi aliugua, ukuta ulikuwa umefika kiunoni, mwenye nyumba anapiga kelele, nikaokota mwiko. Nilipomaliza upande ule hakuna aliyesema nimekosea, na hakuna aliyesema nimepatia. Kesho yake nikaushika tena. Tuliporudi Rwanda nilikuja nao, na Gisenyi wakanizoea, wakaacha kusimama barabarani kumtazama mwanamke aliye juu ya ukuta. Nyua nilizozungushia mji huu sitazihesabu, nitaonekana najisifu. Ila ukipita ukaona ukuta ambao mawe yake yanaonyesha sura ndogo ndogo, si sura kubwa za kupendeza macho, huenda ni wangu. Jiwe lina uso na lina mkia. Fundi wa haraka hutoa urefu wote wa jiwe nje ili watu wasifu. Mimi naulaza mkia ndani, kwenye tumbo la ukuta, nje unabaki uso tu. Mkia hauonekani, lakini ndio unaoshika.

Basi tulikuwa Rugerero, tunajenga madarasa ya serikali. Nyuma ya madarasa kuna kilima, na kwenye mchoro palikuwa na ukuta mrefu wa mawe wa kukizuia kisitushukie. Ukuta huo nilikuwa nimeshaujenga kichwani tangu siku ya kwanza nilipouona mchoro. Asubuhi moja shefu wa shantiye, msimamizi wa ujenzi, alituita mafundi wote, akatusomea tangazo. Kwenye kazi za serikali fundi sasa lazima awe na cheti. Waliojifunzia kazini bila kupitia shule wasiogope, njia imewekwa: unakwenda kwenye kituo cha mafunzo, unapimwa yale ambayo mikono yako inayajua tayari, ukifaulu unapewa cheti sawa na aliyesoma.

"Na asiyefaulu?" niliuliza.

"Bon, mama, hatutafukuza mutu," alisema shefu. "Atabakia. Lakini kama muyedi."

Neno hilo alilisema huku akiangalia simu yake. Nilikuwa na miaka arobaini na minne. Mwingine angesikia habari ya cheo, mimi nilisikia bido. Nilijiona nateremka nayo tena, vijana walio juu ya ukuta wangu wakinipigia kelele kwamba simenti inakauka, leta maji. Hicho ndicho nilichokuwa nakigombania, wala sikizungushi: mwiko usitoke mkononi mwangu.

Na mpango wenyewe sikuwa na neno nao. Nimeona nyumba zilizojengwa na watu waliojiita mafundi siku hiyo hiyo asubuhi, nimeona na nyufa zake. Jioni nilimweleza mume wangu. Yeye ni mtu wa mitumbwi, anavua sambaza, vile visamaki vya ziwani.

"Mi samaki hawajawahi kuniuliza cheti," akasema.

Nikamwambia ndiyo maana wanamtoroka. Alicheka, halafu akaacha kucheka, akaniuliza kama naogopa. Nilisema siogopi. Nilikuwa naogopa sana.

Sasa kuna binti mmoja ambaye lazima nimweleze. Alikuja kwangu akiwa muyedi, miaka mitatu kabla ya tangazo hilo, mwembamba, mkimya, macho yake yanauliza kila kitu. Alinibebea maji mwaka mzima, kisha nikampa mwiko, kwa sababu mimi hakuna aliyenipa. Serikali ilipoleta mpango wa kujifunza nusu kituoni na nusu kazini, nilimsukuma akajiandikishe. Walimpa kitabu. Kila ukurasa una kazi yake, msingi, tofali, bloku, jiwe, plasta, na chini pana nafasi ya saini ya fundi aliyekufundisha. Fundi mwenye cheti, lakini. Kwa hiyo nilifundisha mimi, na kila Ijumaa alikuja baba mmoja mwenye cheti, anakifungua kitabu juu ya boneti ya voiture yake, anasaini, anaondoka. Sikujali. Au niseme nilijiambia sijali. Binti akamaliza, akapata cheti kilichoandikwa tofali na bloku, akawa fundi wa kuta za madarasa palepale Rugerero. Nilidhani amependa tofali mwenyewe, maana vijana wanapenda mistari iliyonyooka. Nilimtania nikimwita mtu wa udongo. Alikuwa anacheka tu.

Jumamosi ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa mzima, siku chache kabla ya mtihani wangu, alipita nyumbani jembe bado liko mkononi. Nilimpa kiti, akabaki amesimama.

"Mama," akasema, "kule kituoni watakupa matofari. Mawe haiko. Donc mbele ya kujenga uyaloweke kwanza kwenye mayi, yakunywe yashibe. Tofari kavu inanyonya mayi yote ya simenti."

Ningesema aksanti, ni neno dogo, halina gharama. Badala yake nikashika kiuno.

"We," nikamwambia, "mi njo nilikupa mwiko. Leo unakuja kunifundisha mayi?"

Aliangalia chini. "Hapana, mama. Nilikuwa nakukumbusha tu."

"Kumbusha wenzako."

Akaniaga kwa adabu zake zote, akaondoka. Mume wangu alikuwa uani anashona wavu, amesikia kila kitu. Aliniuliza huyu mtoto amekukosea nini. Nilijifanya nimeshughulika na sufuria.

Siku ya mtihani tulikuwa watu kumi na wawili uani mwa kituo, wanawake wawili tu. Kila mmoja alikuwa na nafasi yake iliyochorwa chaki: rundo la matofali, mchanga, simenti, beseni tupu. Pembeni palikuwa na bomba lenye mpira mrefu. Bomba linalotoka. Mtahini alikuwa kijana mwenye miwani na shati lililopigwa pasi, umri wa kuwa mwanangu. Alitueleza polepole. Tujenge kona, mistari saba, iliyolala sawa na iliyosimama wima. Tukimaliza tupumzike tule, naye ataipima mchana. Maji yapo, tuyatumie tunavyotaka.

Wenzangu walikimbilia bomba. Walijaza mabeseni, wakatumbukiza matofali, maji yakachemka mapovu, yakawa mekundu, wakayamwaga, wakajaza mengine. Yalikuwa yanapita uani yanateremka mtaroni. Roho iliniuma kuyaona. Nilisema moyoni, hawa hawajawahi kubeba.

Na hapa ndipo panaponichoma hadi leo: nilikuwa najua. Sauti ya binti ilikuwa sikioni mwangu neno kwa neno. Niliinua tofali moja, nikalipima kiganjani, kavu, lina joto la jua. Nikaliangalia beseni langu. Kisha nikachukua nusu bido ya maji, nikachanganya simenti yangu, na yaliyobaki nikayafunika kwa kipande cha ubao yasiingie vumbi, vile tulivyokuwa tunafanya Goma. Sehemu moja ilikuwa shingo yangu, ambayo haijui kumwaga maji. Sehemu nyingine ilikuwa kiburi kitupu. Kuloweka kulikuwa ni kukubali kwamba yule mtoto alisema kweli, na mimi nilikuwa nimeshamfukuza mlangoni kwangu.

Kona yangu ilitoka nzuri. Nasema hivyo bila haya. Povu la nivo, ile pimamaji yetu, lilikaa katikati kila nilipoiweka, uzi wa timazi haukugusa popote. Nilimaliza wa kwanza. Mtahini alipita, akainama, akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Nikala parachichi langu na mkate nikiwatazama wengine wanavyohangaika na mabeseni.

Mchana alianza na kona yangu. Aliweka kalamu mfukoni, akalaza kiganja juu ya tofali la pembeni, akaliinua. Likaja. Lilikuja taratibu, kama mfuniko wa chungu. Chini yake simenti ilikuwa kavu kama unga, akapuliza ikaruka. Akainua la pili, likaja. La tatu. Hakuwa na dharau hata kidogo. Aliyarudisha moja moja mahali pake, kwa upole, na upole huo uliniumiza kuliko kama angeyatupa.

"Mama umejenga tangu lini?" aliniuliza.

"Tangu nina miaka kumi na saba."

"Inaonekana," akasema. "Kona hii imenyooka kuliko zote. Lakini haikushika."

Akaniambia sijaanguka kabisa. Mikono inajua, kuna kitu kimoja inakosa, na kwa watu wa namna hiyo mpango unatoa miezi mitatu ya kujifunza kazini, chini ya fundi mwenye cheti, na kitabu. Baada ya hapo nirudi. Akaandika jina langu juu ya kitabu kipya, nikakipokea kwa mikono miwili kama mtoto wa shule.

Kule Rugerero shefu alikipekua kitabu mbele na nyuma. Mwenye cheti cha tofali pale shantiye alikuwa mmoja tu. Shefu alikohoa kwanza.

"Itakuwa yule binti," akasema. "Kitabu ni kitabu, mama."

Siku mbili sikwenda kazini. Nilimwambia mume wangu ni shingo. Akasema anajua, ni ngumu. Nilitaka kucheka nikajizuia, maana ningecheka ningelia. Mwanamke mzima, kuta zangu zimesimama mji mzima, nakwenda kuandikwa mwanafunzi wa mtoto aliyekuwa ananipepetea mchanga. Nilifikiria kuacha kazi kabisa nikauze samaki za mume wangu. Nilifikiria hivyo kwa dhati. Kilichonirudisha ni ule ukuta wa nyuma. Mvua zilikuwa zimechelewesha kazi, ulikuwa haujaanza, na sikutaka mtu mwingine aujenge.

Siku ya tatu nilifika mapema. Binti alikuwa amefika mapema kunishinda. Nilimkuta anapanda kutoka bombani, bido moja kila mkono. Alikuwa anataka kunilowekea matofali kabla sijafika, ili nisionekane nabeba mbele za watu. Fundi mzima, mwenye cheti chake. Vijana waliokuwa juu walikuwa wameacha kazi wanatazama. Nilidhani aibu nimeshaimaliza siku ya mtihani. Kumbe ile ilikuwa ndogo.

"Weka chini," nikamwambia.

"Mama, hakuna shida, mi nili..."

"Weka chini, nimesema. Mwanafunzi ni nani hapa?"

Akaziweka. Nikazimimina kwenye pipa, nikachukua hizo bido tupu, nikateremka bombani. Nikajaza, nikapanda na moja kichwani. Shingo ililia. Nilitegemea nitasikia miaka yangu yote inanirudia, yule fundi wa kwanza, mawe, kandambili. Nilisikia uzito wa maji tu, nao nilikuwa nimeshauzoea zamani. Nilifika juu, nikatumbukiza tofali la kwanza mwenyewe.

Alinifundisha kama mimi nilivyomfundisha: anafanya mara moja, ananyamaza, anaondoka. Alinionyesha kwamba tofali likiacha kutoa mapovu limeshiba, na kwamba lililoshiba mno nalo ni baya, linateleza, uliache lijikaushe uso. Mambo madogo, yanajifunzwa wiki moja, na mimi nilikuwa nimekataa kuyasikia kwa dakika mbili. Jioni aliandika kwenye kitabu changu, mstari mmoja au miwili, akasaini. Siku moja nilisoma aliyoandika: leo mwanafunzi ameloweka vizuri, amejenga mita mbili, amekasirika mara moja. Nilimuuliza hiyo ya mwisho inahusu nini. Akasema kitabu hakidanganyi. Nilicheka mpaka mwiko ukanidondoka.

Miezi mitatu ikaisha. Nilirudi uani kwa yule kijana wa miwani, nikaloweka matofali yangu nikijaza beseni juu ya beseni, maji yanateremka mtaroni nayaacha yateremke. Mchana akalaza kiganja, akavuta. Tofali likamkatalia. Akavuta kwa mikono miwili, likamkatalia. Alitaka kuacha, na mimi nilitamani aendelee kuvuta. Kwa upande wa jiwe hawakunipa kujenga kitu: walikuja Mbugangari, wakazunguka nyua zangu tatu, wakaandika. Nilipewa cheti kimeandikwa tofali na jiwe. Shefu alikisoma, akakirudisha, akasema ukuta wa nyuma ni wangu.

Jumatatu ya kwanza ya ukuta huo, binti alinijia ameshika kitu kilichofungwa kwenye kipande cha kitenge. Akakifungua juu ya rundo la mawe. Kilikuwa kitabu chake cha zamani, cha mwanafunzi. Kurasa zote zina saini ya yule baba wa Ijumaa, wino wa bluu, mkono wa haraka. Ukurasa wa jiwe ulikuwa mtupu.

"Hii alisahau?" nikauliza.

"Hapana. Alitaka kusaini. Nilimwambia jiwe sikujifunza kwake."

"Akasema nini?"

"Akasema shauri yako."

Nilikaa juu ya jiwe. Ndiyo maana cheti chake kilisema tofali na bloku. Hakuwa mtu wa udongo hata siku moja. Alikuwa amekataa saini ya uongo, akaachwa nje ya mawe, akasubiri siku ambayo mimi nitapata haki ya kusaini, na mimi kila nikipita nilikuwa namtania. Ile Jumamosi, na jembe lake, alikuwa hajaja kunifundisha. Alikuwa amekuja kuokoa vitu viwili, cheti changu na ukurasa wake wa jiwe, na nilimwambia akumbushe wenzake. Matofali yalipokuja mkononi mwa mtahini, na huu ukurasa uling'oka pamoja nayo. Baada ya hapo alinibebea kitabu miezi mitatu, jioni kwa jioni, asinidokeze neno.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekasirika, mama."

Ni kweli, ningekasirika. Akatoa kalamu. Alisema kituo kitaupokea ukurasa huo mpaka Ijumaa, baada ya hapo ni kuanza upya. Niliitazama kalamu, mkono wangu ukabaki magotini. Nilikuwa nataka kusaini kuliko alivyotaka yeye. Lakini nilikuwa nimeona saini za boneti ya gari zilivyo.

"Sijakuona na jiwe mwaka mzima," nikamwambia. "Nijengee mita moja, pale mwisho. Nikiona njo nisaini."

Alijenga Jumanne. Nilikwenda kufanya kazi upande wa pili ili nisimwangalie. Jumatano asubuhi simenti ilikuwa imeshakaza. Nikalaza kiganja juu ya jiwe la kwanza, kama yule kijana, nikavuta. Likakataa. La pili likakataa, la tatu pia. La nne likacheza. Lilikuwa jiwe refu, zuri, urefu wake wote umetazama nje, limenyooka na mstari, na mkia hakuna. Mwaka mzima wa matofali ulikuwa umemwingia mikononi.

Alikuwa nyuma yangu. Niliona kwamba ameona. Ningeweza kuondoa mkono nikasema kitu kingine. Ilikuwa Jumatano, Ijumaa iko mlangoni, na yote aliyoacha aliyaacha kwa sababu yangu. Jiwe moja katika ukuta wa mita sitini, nani angejua. Nilimpenda yule mtoto. Nikalisukuma jiwe lile tena, likacheza tena.

"Bomoa," nikamwambia.

Nilidhani atalia, au atanikumbusha ni nani aliyemchelewesha. Alichukua nyundo. Hakutoa jiwe lile peke yake. Alishusha mita yote mpaka chini, akapangusa mawe moja moja, akayapanga kando, akaanza upya. Aliyageuza kila moja kutafuta mkia uko wapi, kama nilivyomwonyesha miaka ile. Kabla ya saa sita nilimwona anageuka kutafuta maji ya simenti. Nikateremka bombani, nikajaza bido, nikaipandisha kichwani.

"Mama, weka chini," akasema akiniona.

Nilimwambia afunge mdomo achanganye.

Alhamisi asubuhi nilivuta kwa mikono miwili, na mgongo, mpaka shingo ikalia. Jiwe baada ya jiwe. Hakuna lililocheza. Nikapangusa mikono kwenye nguo, nikaomba kalamu. Pale palipoandikwa jina la fundi aliyefundisha niliandika jina langu lote, polepole, herufi zimekaa mbali mbali, halafu nikaweka saini. Sikuwa nimewahi kumsainia mtu kitu. Kidole gumba kikaacha alama ya simenti juu ya karatasi. Nikasema tumekichafua. Akasema tuiache hivyo hivyo.

Alikifunga kitabu kwenye kitenge chake, kisha akaniomba ruhusa ya kuondoka mapema Ijumaa akipeleke kituoni. Nilikunja uso kwanza, kwa mazoea. Halafu nikampa ruhusa. Fundi wake ni mimi, imeandikwa.